Leva fupi za breki na klachi: jinsi ya kuchagua, kukata na kufunga

Maswali ni yaleyale kila siku. Leva fupi zinafaa? Naweza kukata hizi nilizonazo? Mbona nimefunga leva mpya na sasa tairi la mbele linazunguka kwa shida? Nimeona niandike yote sehemu moja, ukimaliza kusoma uende kwenye pikipiki na spana yako ukijua unaanzia wapi na unaishia wapi.

Humu naongelea pikipiki ya kawaida, breki ya mbele iko kulia na klachi iko kushoto. Kama una skuta ya otomatiki basi ile leva ya kushoto ni breki ya nyuma, kwa hiyo kila nitakachosema kuhusu breki wewe kinakuhusu pande zote mbili. Na nikisema kitako namaanisha kile kipande kinachobana leva kwenye usukani. Upande wa breki ya oili kitako na masta silinda (ile pampu ya breki yenye kikopo cha oili) ni kitu kimoja.

Kabla hujatoa hela

Wengi wanaotafuta leva fupi shida yao wala sio urefu, ni umbali. Yaani leva iko mbali na gripu, vidole havifiki vizuri. Leva ndefu iliyo karibu na gripu mtu mwenye vidole vifupi anaishika bila tabu, ila leva fupi iliyo mbali utanyoosha vidole mpaka kiganja kiachie gripu, na umeshatoa hela.

Jipime hivi. Kaa kwenye pikipiki, shika gripu kama unavyoshika ukiwa barabarani, halafu nyoosha vidole viwili bila kusogeza kiganja. Kama pingili ya mwisho, ile yenye ukucha, inapita juu ya leva na kujikunja kwa mbele, umbali uko sawa. Kama ni ncha ya kidole tu inagusagusa, unachohitaji ni leva inayorekebishwa umbali, ile yenye kigurudumu kidogo cha namba karibu na bolti. Iwe fupi iwe ndefu ni baadaye.

Urefu unakuwa tatizo kweli pale unaposhika kwa vidole viwili na leva ikivutwa inakuja kukandamiza vile viwili vilivyobaki kwenye gripu. Au umefunga kinga za mikono na ncha ya leva inagonga chuma cha kinga. Au leva imetokeza nje kuliko gripu yenyewe, pikipiki ikilala tu ndo inaanza kuvunjika yeye.

Nadharia ni hii tu na inatosha: kadiri vidole vinavyokuwa karibu na bolti leva inapozungukia, ndivyo unavyotumia nguvu zaidi. Ukihama kutoka sentimita 12 hadi sentimita 8 unahitaji nguvu mara moja na nusu kupata breki ileile. Ila kama tayari unavuta kwa vidole viwili kwenye hizo sentimita 8, kukata mkia usioutumia hakubadilishi chochote, mkono wako hautaona tofauti. Wanaoumia ni wale waliozoea vidole vinne halafu wanafunga leva ya vidole viwili, wanashangaa klachi imekuwa ngumu.

Breki ya mbele ya drami inayovutwa na waya, hiyo usiifupishe. Pale hakuna oili ya kukusaidia kuongeza nguvu, urefu wa leva ndo msaada mkubwa ulionao.

Vitu vya kuandaa

- Spana za nati ya leva (nyingi ni namba 10, angalia yako) na za bolti za kitako, pamoja na bisibisi bapa na bisibisi nyota
- Rula, au venia kama unaweza kuazima
- Maka peni
- Grisi ya kawaida kwa upande wa klachi, na grisi ya silikoni kwa upande wa breki. Ni vitu viwili tofauti, usije ukatumia moja kote
- Matambara na maji karibu
- Kama unakata: msumeno wa chuma, tupa, msasa wa kukwaruza na msasa laini, na jiliwa ya kubania
- Leva zako za zamani, nzima. Usitupe wala usimpe mtu mpaka mpya zimekaa vizuri

Hatua zenyewe

1. Weka alama mahali vidole vinapoishia. Kaa kwenye pikipiki, vaa glavu kama huwa unavaa, shika leva kama unavyoshika siku zote na uchore mstari pale kidole cha nje kinapoishia. Chora kwa idadi ya vidole unavyotumia wewe, achana na ya mashindano uliyoona kwenye video. Leva inatakiwa ama iishie nje kidogo ya kidole cha mwisho unachovutia, ama ipite kabisa vidole vyote vinne. Ikiishia katikati ya kidole cha pete ndo utakuta kila ukivuta klachi ncha inakuchoma palepale.

2. Sogeza kitako ndani kwanza. Hii ni bure na wengi wanairuka. Legeza bolti za kitako, kisukume kuelekea katikati ya usukani mpaka ncha ya leva yako ndefu ikae pale kidole kinapoishia. Umepata leva "fupi" bila kukata kitu, tena umeongeza nguvu kwa sababu sasa unavuta karibu na ncha. Ukishasogeza zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, angalia bomba la breki halivutiki, waya wa klachi haukunjiki vibaya na hakuna kinachogonga tangi.

Wakati wa kubana rekebisha na mlalo, ukikaa na kunyoosha vidole mkono uwe mstari mmoja toka kiwiko mpaka kwenye leva, kifundo kisikunjike juu wala chini. Upande wa breki kile kipande cha nyuma kinachobana masta silinda mara nyingi kina mshale au herufi "UP", hiyo ielekee juu. Kwa aina hiyo bana bolti ya juu mpaka ikaze ndo uje ya chini. Ukibana ya chini kwanza nafasi inabaki upande usiotakiwa na kipande kinaweza kupata ufa.

Kiukweli nusu ya wanaouliza wangeishia hapa.

3. Jaribu marekebisho uliyonayo. Angalia kama leva yako ya kiwandani ina kigurudumu au skrubu ya umbali, kuna watu wanaendesha miaka na hawajawahi kuigusa. Kuigeuza nyingi unasukuma leva mbele kwanza ndo kigurudumu kinazunguka. Ila usije ukalegeza waya wa klachi ili leva iwe karibu. Hiyo sio kurekebisha umbali, ni kuiharibu klachi isiachie.

4. Ukinunua, linganisha na ya zamani kabla ya kufunga. Maneno ya muuzaji kwamba "inaingia pikipiki zote" usiyabebe. Weka leva mbili juu ya meza, ya zamani na mpya, bolti kwa bolti, uangalie hivi:

Kwenye breki, angalia lile jino la leva linalosukuma pistoni ya masta silinda. Hapa ndo penye hatari kuliko mahali pengine popote kwenye kazi hii, kwa hiyo nisome vizuri. Ndani ya masta silinda kuna tundu dogo sana ambalo oili inarudi kwenye kikopo ukiachia breki. Jino likiwa refu hata kidogo tu, pistoni inakuwa imesukumwa muda wote na lile tundu limezibwa. Ukifunga unaona iko poa, leva inakamata juu kabisa, unafurahi kwamba breki imekuwa kali. Unatoka barabarani, pedi zinasugua diski kidogokidogo, oili inapata moto inatanuka, haina pa kurudi, pedi zinabana zaidi, moto unaongezeka, mwisho tairi la mbele linajifunga ukiwa kwenye mwendo. Jino likiwa fupi sana shida ni ya kinyume, leva inaingia sana kabla breki haijashika.

Kwenye klachi ya waya, pima toka katikati ya tundu la bolti mpaka katikati ya tundu la kichwa cha waya. Tofauti ya milimita mbili tatu inaonekana ndogo ila inabadilisha waya unavutwa kiasi gani. Umbali huo ukiwa mfupi zaidi klachi itakuwa laini lakini huenda isiachie yote, ukiwa mrefu itaachia mapema ila utasikia ugumu.

Kwenye zote mbili angalia tundu la bolti na unene wa pale leva inapoingia kwenye kitako. Ingiza bolti, itikise juu na chini. Ikicheza sana ukiwa dukani, barabarani itacheza zaidi. Angalia pia kama ina kile kipembe kinachobonyeza swichi ya taa ya breki, na upande wa klachi kama pikipiki yako ina swichi ya kuwashia.

Leva nyingi za kiwandani ni aluminiamu ya kumiminwa kwenye kalibu, za kuchongwa kwa mashine huwa imara zaidi. Zile za kukunjika ni nzuri kwa anayeanguka sana porini, ila kiungio kikianza kulegea leva inatetemeka mkononi na inaudhi.

5. Ukikata, anza na klachi. Ukikosea klachi, pikipiki itakuzimikia. Ukikosea breki, mambo mengine hayo. Kaa na leva ya klachi uliyokata siku kadhaa uone mkono unasemaje, ndo uje kwenye breki.

Usikate leva yenye ufa au iliyowahi kupinda ikanyooshwa. Na usijaribu kupinda leva ya kumimina ili iwe karibu na gripu, wala usiipashe moto, ile aluminiamu haipindi kama chuma, inakatika, kama sio leo basi siku unayoihitaji.

Toa leva kwenye pikipiki (hatua ya 6 na 8), ibane kwenye jiliwa ukiwa umeizungushia tambara. Kata sentimita moja nje ya alama yako. Ndiyo, nje. Hiyo sentimita utaimaliza kwa tupa huku unarudisha kwenye pikipiki kupima, maana ukikata palepale kwenye alama huna pa kurudi.

Ncha sasa. Kile kipira cha mwisho wa leva kipo ili ukianguka leva isikuchome wewe wala mwingine. Sheria za FIM (shirikisho la kimataifa la mchezo wa pikipiki) za mashindano ya lami zinataka kipira cha angalau milimita 16, na kama ni bapa unene usipungue milimita 14 na kingo ziwe za mviringo. Ukikata kipira kimeenda, kwa hiyo kata mahali ambapo leva bado ni nene, uichonge iwe duara kabisa, tupa kwanza, msasa wa kukwaruza, umalizie na msasa laini mpaka ukipitisha kidole gumba husikii kona. Kama leva yako inakuwa nyembamba na bapa kuelekea ncha na huwezi kupata duara nene, acha kukata, nunua. Na kama pikipiki yako hupita kwenye ukaguzi, uliza kwanza kama leva isiyo na kipira inaruhusiwa.

Jambo lingine, leva nyingi zina mfereji mdogo karibu na ncha, ule umewekwa makusudi ili ukianguka ivunjike hapo na ubaki na kipande cha kukufikisha. Ukikata ndani ya huo mfereji umeuondoa. Wanaopita porini wao wanabana bolti za kitako kiasi tu, kisisogee kwa mkono wa kawaida ila kikigongwa kizunguke badala ya leva kuvunjika.

6. Toa leva ya klachi. Legeza kirekebishio cha waya pale kwenye leva, kiingize chote ndani. Zungusha kirekebishio na nati yake mpaka mifereji yake ilingane na mfereji wa kitako. Fungua nati ya chini, kisha bolti ya juu, chomoa leva, pitisha waya kwenye mifereji na utoe kichwa chake. Kama waya umekaza bado, nenda kalegeze kirekebishio cha chini kule kwenye injini.

7. Funga ya klachi na uipe pleyi, yaani ule ulegevu wa leva kabla haijaanza kuvuta waya. Kwenye leva ya zamani kuna bushi ndogo, nyingi ni za shaba, ndani ya tundu la bolti. Hamisha, isije ikabaki mezani. Paka grisi ya kawaida kwenye bolti na kwenye kichwa cha waya. Bolti ibane taratibu tu mpaka ikae, leva iendelee kwenda na kurudi yenyewe, halafu ishikilie kwa bisibisi huku unakaza nati ya chini. Nati ndo inafunga, bolti haina haja ya nguvu.

Pleyi sasa. Kitabu cha pikipiki kinaweza kukwambia pleyi ya milimita 10 mpaka 20 ukipimia kwenye ncha, ila hiyo ni ncha ya leva ndefu. Leva ikishafupishwa kipimo kinashuka nacho. Mfano ilikuwa milimita 170 toka kwenye bolti na sasa ni 130, pleyi ya milimita 15 inakuwa kama 11 na nusu. Ukiweka 15 kwenye leva fupi umelegeza waya kupita kiasi na gia zitaanza kugoma.

8. Badilisha ya breki. Nati ya chini, bolti ya juu, leva inatoka, hakuna haja ya kugusa oili. Usivute breki ukiwa umetoa leva nusunusu. Futa uchafu pale pistoni inapotokea. Paka grisi ya silikoni kidogo sana kwenye jino na kwenye bolti. Grisi ya kawaida inavimbisha raba za breki, usiisogeze huku. Funga kama ulivyofanya kwenye klachi, bolti taratibu, kisha nati.

9. Hakikisha oili inarudi. Funika tangi kwa tambara bichi maana oili ya breki inakula rangi, ikidondoka mwagia maji hapohapo. Weka usukani ili kikopo kiwe kimelala sawa, fungua kifuniko, uvute leva polepole mno huku unaangalia ndani. Mwanzoni kabisa mwa kuvuta utaona oili inatibuka au inaruka kidogo juu ya lile tundu, usiweke uso karibu. Ukiona hivyo tundu liko wazi, safi. Usipoona kitu chochote na leva haina pleyi hata kidogo, hapo jino linasukuma pistoni. Toa leva hiyo. Usichonge jino kwa kukisia, rudisha dukani.

10. Jaribu ukiwa umesimama. Inua tairi la mbele, vuta breki kwa nguvu mara kadhaa, achia, zungusha tairi kwa mkono. Linatakiwa kuzunguka kama lilivyokuwa kabla. Taa ya breki iwake ukivuta na izime ukiachia. Vuta leva zote mbili mpaka mwisho huku umeshika gripu, angalia vidole vilivyobaki havibanwi. Zungusha usukani pande zote uone leva haigongi kioo wala kinga.

11. Jaribu kwa mwendo mdogo. Sehemu isiyo na magari, gia ya kwanza, breki za kawaida halafu za ghafla kidogo. Endesha dakika kumi na tano hivi, simama, inua tairi tena ulizungushe diski ikiwa bado na moto. Breki inayokwama mara nyingi ikiwa baridi haijionyeshi, inasubiri moto. Diski usiishike kwa mkono.

Ikizingua

*Taa ya breki haizimi.* Leva haibonyezi swichi ikiachiwa. Angalia kipembe cha leva na swichi yenyewe. Ila kwanza rudia hatua ya 9, maana leva isiyorudi yote inaleta dalili hiyohiyo.

*Breki imekuwa ngumu lakini haishiki vizuri.* Unavuta karibu mno na bolti. Sogeza kitako ndani uvute kwenye ncha, au tumia vidole vitatu. Isiposaidia leva hiyo ni fupi mno kwa mkono wako.

*Leva ya breki inaenda mpaka kwenye gripu.* Jino fupi, au kuna hewa. Rudisha leva ya zamani. Ikikaa sawa tatizo ni leva mpya, ikibaki vilevile toa hewa kwenye mfumo na usiendeshe mpaka imekaa sawa.

*Gia zinagoma kuingia, au nyutro haipatikani ukiwa umesimama.* Klachi haiachii. Punguza pleyi kidogo. Ikiendelea pima tena toka tundu la bolti mpaka tundu la waya.

*Injini inapiga kelele ila pikipiki haiendi.* Klachi inateleza, waya umekaza, hamna pleyi. Irekebishe leo, usiseme kesho, kilasti (sahani za klachi) zinaungua haraka.

*Pikipiki haiwaki ukivuta klachi.* Swichi ya klachi haiguswi na leva mpya.

*Leva inacheza juu na chini.* Bushi umeisahau, au tundu la leva ni kubwa kuliko bolti. Usiikomeshe kwa kukaza bolti, leva itakwama isirudi. Kama bushi ipo na bado inacheza, hiyo leva sio ya pikipiki yako.